Sauti ya Jirani Kwenye Kikundi

Hedwiga alikuwa muuguzi katika zahanati moja huko juu Maguu, kwenye milima ya Mbinga, na watu walimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Alizaliwa kijiji cha Mapera, akaolewa na Jastini, mkulima wa kahawa. Kwa miaka mingi alizalisha wanawake wa milimani, mara nyingi akiwa peke yake zamu nzima. Akirudi nyumbani, hata kuzungumza ilikuwa kazi. Pombe kali kidogo ilimlegeza mabega. Baadaye kiasi hicho hakikutosha, na mwisho akawa anaihitaji asubuhi kabla ya kuvaa gauni la kazi.

Jastini aliuliza, akauliza tena, kisha akaacha. Kimya chake kilimchosha Hedwiga kuliko ugomvi.

Siku moja ya chanjo, mama mmoja, Getrude, alimpakata mwanawe tayari kwa sindano. Mkono wa Hedwiga ulitetemeka. Akaushusha, akajaribu tena. Getrude akamfunika mtoto kwa kanga.

"Sista, unisamehe," alisema taratibu. "Tutarudi siku nyingine."

Foleni nzima ilisikia. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka.

Angekwenda wapi? Mlevi wa huku huelekezwa zahanati, na zahanati ndiyo yeye. Akatafuta kwenye simu, akapata programu ya mtandaoni ya kuwasaidia watu wazima kupunguza pombe. Kila jioni ilimuuliza amekunywa kiasi gani, ikamsaidia kupanga kupunguza polepole. Hilo alilijua kama muuguzi: aliyezoea pombe ya asubuhi akikatisha ghafla anaweza kupata degedege. Alhamisi kulikuwa na kikundi cha kuzungumza kwa sauti, bila picha wala jina halisi. Hedwiga alijiita Mama Ndizi.

Baadhi ya jioni aliidanganya simu. Kisha akachoka kudanganya kitu kisichomgombeza.

Alhamisi moja alizungumza mwanamume aliyejiita Mzee Baridi. "Mimi nilianzia kwenye kuchimba ngoro," alisema. "Tukimaliza shamba la mmoja, tunakunywa kwake."

Ngoro ni yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, wenyeji wa milima hii. Wenzao kikundini kutoka Mwanza na Dar es Salaam wasingeyataja. Hedwiga akaitambua sauti: ni Nicholaus, katekista wao, ambaye wote humwita Mwalimu na ndiye anayeongoza ibada padre asipofika. Akazima simu.

Alhamisi zilizofuata hakuingia kwenye kikundi. Maswali ya jioni aliyaacha bila majibu, akanywa kuliko mwanzo.

Wiki chache baadaye Nicholaus alikuja zahanati, akakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wakaisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sista. Umepotea Alhamisi."

Hedwiga akaketi. "Ulinijua?"

"Ulipokohoa tu. Umenipima presha miaka yote hii, nisikijue kikohozi chako?"

"Umemwambia nani?"

"Ningemwambia nani bila kujitaja mwenyewe?" Nicholaus akajisugua uso. Alionekana hajalala vizuri. "Sikuja kukuhukumu. Juzi msibani nilikunywa mpaka nikabebwa. Nimechoka kusemea ndani ya simu tu. Nilitaka nimwone mtu."

Nicholaus alipoondoka, Hedwiga alifunga milango na kwenda moja kwa moja shambani kwa mumewe.

"Baba, mimi ninakunywa. Siwezi kujizuia."

Jastini alisimamisha jembe. "Kwamba unakunywa nilijua," alisema. "Sikujua kama na wewe unajua."

Siku iliyofuata alimweleza mganga mfawidhi, mkuu wake wa zahanati, akaomba asishike sindano kwa muda. Jastini akamsindikiza Mbinga mjini kumwona daktari. Habari zilienea, kama alivyoogopa. Wapo waliomwonea huruma, wapo waliomkwepa njiani. Vyote viwili vilimchosha.

Sasa amerudi kikundini, na hagusi pombe asubuhi. Wiki nyingine hupita bila tone. Nyingine huharibika, na Alhamisi analisema hilo kikundini, Nicholaus akisikiliza kutoka nyumbani kwake. Hajisifu kwamba amepona. Baada ya kujibu swali la jioni huweka simu chini, akaoga maji ya moto ambayo Jastini amemtengea bila kuombwa, kisha akaenda kulala mapema.