Masuke ya Bi Mwajuma wa Kolo

Nilikwenda Kolo kufuata mbegu, si kutembea. Nafundisha baiolojia hapa Dodoma huku nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu wote unategemea uwele wa mkulima mmoja, Bi Mwajuma, unaochanua wiki tatu kabla ya uwele wa majirani zake. Mimea isiyochanua pamoja haipeani chavua. Ikienda hivyo vizazi na vizazi inaachana, mpaka siku moja hata ukiikutanisha haizai tena pamoja. Hivyo ndivyo spishi mpya huanza. Nilitaka kuupanda uwele huo msimu huu. Nikiukosa, mwaka mzima umekwenda na maji.

Nilimpigia simu mara tatu. "Mama, niwekee masuke makubwa, yale mazuri kabisa. Usiyaguse!"

"Sawa, mwalimu. Ondoa shaka."

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka nyumbani, Ipagala. Basi la Kondoa, la saa moja, lilitoka stendi saa tatu. Muda wote huo kondakta anatuambia, "Tunaondoka sasa hivi." Sasa hivi gani ya saa mbili nzima? Kondoa mjini nikachukua bodaboda mpaka Kolo, na ile njia ya kuingia kijijini ikanijaza vumbi mpaka kwenye meno.

Saa nane mchana nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Nawa kwanza, ule."

Palikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Nilikuwa na njaa, nikala bila aibu, nikausifu. "Mama, unga huu ni mtamu!"

"Si ndio ule wako?" akasema kwa furaha. "Masuke makubwa. Nikajiuliza, mgeni katoka Dodoma, mara yake ya kwanza kwangu, nimpe sembe ya dukani? Watu watanionaje? Jana nikaupeleka mashine."

Nikarudisha tonge sahanini. Jamani! Nilikuwa nimekula utafiti wangu na mlenda! Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe, kwa mtu wa umri wa mama yangu.

"Nilikuambia usiyaguse! Mara tatu! Sasa nitapanda nini, mimi? Sufuria?"

 Bi Mwajuma alinawa mikono taratibu, akanyanyuka, akaniita jikoni. Juu ya mafiga, kwenye dari, yalining'inia masuke mengine, membamba, mafupi, meusi kwa ule moshi unaofukuza wadudu. Kwa sura yake ningewamwagia kuku.

"Mbegu hii hapa," akasema. "Nani kakuambia mbegu ni yale makubwa?"

"Si ndiyo mazuri?"

"Mazuri ya kula. Yale yanachanua mwisho, pamoja na ya jirani, yanachanganyika nayo. Haya yanachanua peke yao na kukomaa kabla ndege hawajashuka. Marehemu mama alipanda haya, nami napanda haya. Ungeuliza, ningekuambia. Wewe uliagiza tu."

 Miaka tisa nawaambia wanafunzi kwamba kinachodumu si kilicho kizuri machoni, ni kile kilichowahi kuacha uzao. Nawasahihishia kosa hilo kwa wino mwekundu! Halafu mimi mwenyewe nimeshika simu naagiza makubwa, mazuri.

"Nisamehe, mama."

"Kamalize ugali, unapoa," akasema, bado amenuna.

Kesho yake asubuhi alinifungia masuke kumi na mawili kwenye khanga kuukuu, akayachagua moja moja, nami safari hii nikauliza kila kitu. Yote mengine nimeyasahau njiani, hata basi lililochelewa tena. Lakini hili bado linaniudhi kila nikilikumbuka: lau Bi Mwajuma angenitii, ningerudi Ipagala nikicheka, nimekumbatia uwele uliochanganyika na wa majirani, nikaupanda, nikaandika kitabu kizima juu yake.