Fundi Asiyetaka Kurudi Jana

Fundi wa chokaa niliyekuwa nikikutana naye hapa Lindi amekufa. Ukuta wa ghala kuukuu la korosho, ambalo tajiri mmoja analigeuza nyumba ya wageni, ulimwangukia juzi saa nne asubuhi akiwa chini yake na mwiko mkononi. Kesho yake tulimzika kwao Milola. Wasomaji wangu mmezoea niwataje marehemu kwa upole, lakini leo upole sina. Nimerudi kutoka mazikoni na kinyaa, na sioni sababu ya kuwaficha kilikotoka.

Hatukuwa watu wa kutembeleana. Tulijuana Nangurukuru, siku basi letu lilipoharibika tukakaa kwenye banda la mama muuza chapati. Kijana mmoja alikuwa akitazama kwenye simu filamu ya watu wanaopanda chombo kusafiri kwenda zamani. Akasema chombo kile angekipata yeye, angeshukia Kilwa ya enzi za masultani akale raha. Fundi, ambaye ujanani aliwahi kuwa kibarua wa wachimbaji wa mambo ya kale, akamuuliza atatua wapi. Kijana akajibu kuwa atatua palepale atakapokuwa amesimama. Basi fundi akaanza kumhesabia maafa yake bila haraka, huku akichovya chapati kwenye chai. Dunia yenyewe haitulii mahali pamoja, kwa hiyo ukirudi jana tu bila kuifuata utajikuta unaelea gizani pasipo na hewa. Haya, tuseme umeifuata. Ardhi ya Kilwa imepanda kwa vifusi, na sakafu za masultani alizozifukua yeye zilikuwa chini kuliko kimo cha mtu. Ukienda kwao utadondoka kutoka hewani uvunjike miguu, na ukitaka kurejea leo kutoka kwenye sakafu yao utatokea umefukiwa mzima mzima. Palipo uwanja sasa, zamani palikuwa na ukuta, nawe utaibuka katikati ya jiwe. Ukipona hayo yote, ndui inakungoja. Kijana alizima simu, akasema, "Mzee, umeniharibia safari na hata nauli sijalipa." Tulicheka mpaka basi likawaka.

Mwezi uliopita alinifuata nyumbani, na safari hiyo hakuja na mzaha. Aliniambia ukuta wa ghala umetoa tumbo. Alikuwa amemwomba tajiri mirunda ya kuuegemeza, mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa wiki ijayo. Alijiogopea yeye na vibarua wawili wanaofanya kazi naye, akataka niandike hata mistari mitano, huenda tajiri akaona haya. Mimi, kwa ujinga wangu, nikamtania kwamba ukianguka atapanda chombo arudi nyuma auegemeze. Hakucheka. Akasema, "Nikirudi nikauegemeza, hautaanguka. Usipoanguka, nitakuwa na sababu gani ya kurudi? Basi sitarudi, na mirunda haitawekwa, na utaanguka. Njia hiyo imejifunga yenyewe, bwana mwandishi. Tuliyonayo ni leo." Nikamsifu kwa akili yake, nikamwahidi, nikamsindikiza. Wiki ile niliandika juu ya utamu wa pweza wa Kilwa. Safu ile nikiiona sasa najichukia.

Turudi Milola. Baada ya dua tajiri alisimama, kanzu imenyooka kwa pasi, leso machoni. Alimsifu marehemu kwa uvumilivu, kisha akavuta pumzi na kusema, "Laiti ningeweza kurudisha saa nyuma." Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilitoka nje ya turubai nikatema mate. Arudishe saa nyuma akafanye nini? Huko atajikuta yeye yuleyule, fundi yuleyule amesimama mbele yake anaomba miti, na jibu lilelile liko mdomoni. Saa hiyo alikuwa nayo mara tatu, bila chombo chochote, na mara tatu aliitupa. Nilichefuka zaidi nilipokumbuka kwamba njiani, nikiwa kwenye bodaboda, nami nilikuwa nimejisemea maneno hayohayo.

Ndiyo maana nimeyakinai. Ni majuto yasiyomgharimu mtu kitu, kwa sababu msemaji anajua hakuna atakayemfungulia mlango wa jana na kumwambia karibu, pita. Anayetamani kurudisha saa nyuma apewe kwanza asubuhi ya leo, tuone anaifanyia nini. Tajiri wetu amepewa. Leo nimepita ghalani nikakuta nusu ya ukuta iliyobaki imetoa tumbo vilevile, wale vibarua wawili wanazoa vifusi chini yake, na mrunda hakuna hata mmoja. Nikampigia simu mbele yao. Akanijibu kwa sauti ya unyonge kwamba bado ana msiba, tuzungumze wiki ijayo. Sikuwa na cheo cha kufunga kazi ya mtu, lakini niliwaomba vijana wale watoke, nao kwa kunistahi wakatoka. Wamekaa ng'ambo ya barabara, koleo mapajani. Nimekaa nao na safu hii naiandikia papa hapa, maana nikiinuka tu wataingia tena.