Meza ya Mawe kwa Samaki wa Mama

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikiusukuma, narudi kuutazama. Mke wangu anasema siku nikifa nitaomba jeneza lijaribiwe kwanza. Basi mfikirie mtu wa namna hiyo, asubuhi moja nyumbani kwetu mtaa wa Bel-Air, katika mji wetu wa migodi, anabonyeza mguu wa meza ya samaki na kidole kinaingia ndani.

Mchwa. Nje rangi ilikuwa nzima, ndani palikuwa pamebaki vumbi. Na juu ya mguu ule lilikaa tangi la kioo, lita mia mbili za maji na samaki tisa wadogo wekundu. Mbele yake, hatua moja tu, palikuwa na kiti cha Mama.

Kiti hicho lazima nikieleze. Mama alihamia kwetu akili yake ilipoanza kumpotea. Hakuwa mgonjwa wa kulala, alikuwa mgonjwa wa kutoka. Akisikia mlio wowote mrefu, wa lori au wa treni, anasema king'ora cha kazi kimelia, mume wake anapanda kutoka mgodini, na chungu hakijawekwa motoni. Anafunga kitambaa kichwani, anachukua kikapu, anashika njia ya kambi ya wafanyakazi tuliyoishi nilipokuwa mtoto. Baba alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Mara mbili Mama alitoka hivyo. Mara ya pili tulimkuta katikati ya barabara kubwa, malori ya madini yanampigia honi kushoto na kulia, naye amesimama anayagombeza. Tangu siku hiyo roho yangu haijarudi mahali pake.

Kisha jirani aliyekuwa anahama akatuachia tangi lake. Mke wangu alilipokea kwa sababu linapamba sebule. Mama aliliona, akavuta kiti, akaketi, na kule kutoka kwake kukaisha. Asubuhi anahesabu samaki. "Kenda," anasema, kwa hesabu ya watu wa zamani, ndipo anakunywa chai. Jioni anahesabu tena. Lori likipiga honi, hageuki. Miezi mitano hakugusa geti. Sitadanganya kwamba niliwapenda wale samaki. Niliwachunga kama mtu anavyochunga kufuli. Wakiondoka wao, Mama anarudi barabarani.

Kuhusu samaki wazima nilikuwa na kumbukumbu moja tu ya nyuma. Baba alikwenda Kilwa, ile ya kwetu ya ziwani, si ya pwani, kumwona ndugu yake, akarudi na ndoo yenye samaki wachache wa ziwani waliovumilia safari, akawaweka uani ndani ya beseni. Nilikuwa na miaka minne hivi. Nakumbuka nimelala kifudifudi, pua karibu na maji. Halafu siku moja hawakuwapo. Niliambiwa wamerudi kwao ziwani, na mimi nikajua wamerudi.

Siku ya mchwa niliwahamisha samaki kwenye beseni kubwa, nikatoa maji ya tangi kwa mpira hadi tone la mwisho, ndipo nikapumua. Mbao sikutaka tena. Chuma nacho kingepata kutu, kwa jinsi maji yanavyomwagika kila wiki. Nikasema meza itakuwa ya mawe, yale mawe ya msingi yanayorundikwa kandokando ya barabara, magumu, ya rangi ya udongo na majivu. Mke wangu akacheka. "Utajenga kanisa sebuleni," akasema.

Nikamwita fundi wa mawe, mwanamume mnene wa umri wangu. Hakuchagua jiwe kwa macho. Aliligonga kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa, akasikiliza, akalitupa huku au kule.

"Jiwe muzima inalia, papa," alinieleza, akiniita baba kwa heshima. "Yenye kupasuka ndani inanyamaza. Ile inanyamaza usiiweke chini ya mayi ya tangi."

Tangu hapo nikawa nagonga mawe yote mwenyewe nyuma yake, hata yale aliyokwisha kuyakubali, mpaka akaniuliza kwa upole kama nataka anipe na sururu.

Alijenga nguzo mbili, juu yake akamwaga bamba la zege lenye nondo. Safu ya mbele ya nguzo niliitaka ipambwe na mawe ya Baba. Kila familia ya mgodi hapa ina mawe yake. Ya kwetu yalikuwa saba, ya kijani yenye mistari myeusi, ambayo Baba aliyaleta moja moja ndani ya sufuria yake ya chakula, na Mama aliyatunza katika kopo la maziwa miaka yote hiyo. Nilifikiri: Mama akae mbele ya samaki, na chini ya samaki aone mawe ya mume wake. Ni jambo la mapenzi, na nililifanya kwa mapenzi. Fundi akapanga sita. La saba, kubwa kama ngumi, likakataa kukaa kwenye mstari, nikalitia mfukoni.

Siku kumi tulingoja simenti ishike, Mama akihesabu samaki wake kwenye beseni. Nilikwenda kuitazama asubuhi kabla ya kazi na mchana baada ya kazi, nikaigusa, nikaipigapiga. Nilihesabu kilo mia mbili za maji, nikaongeza kioo, nikaongeza kokoto za ndani, kisha nikaona kila kitu kikimwangukia Mama miguuni. Fundi aliporudi alipanda juu ya bamba na viatu vyake, akabeba mfuko wa simenti begani, akaniamuru nipande naye. Tukasimama pale, wanaume wawili wazima na mfuko, mke wangu anatutazama mlangoni.

"Sasa ruka," fundi akasema.

Nikaruka. Meza haikujua kama kuna mtu. Kiputo cha nivo, kile kipimo cha usawa, kikalala katikati hata nilipoizungusha mara nne. Juu ya zege tukatandika kipande cha godoro jembamba, kioo kisipate kona ya kukiumiza, tukaweka tangi. Maji nilitia nusu, nikangoja siku nzima, ndipo nikajaza. Chini sakafuni nilitandika magazeti pande zote, ili tone likidondoka lionekane. Halikudondoka.

Ndipo nikakumbuka jiwe la saba mfukoni. Niliona ni vibaya kulitenga. Nikalisugua kwa ndimu na chumvi, jinsi Mama alivyokuwa akisugua sinia lake la shaba siku za sikukuu. Lilitoa povu kidogo, nikafurahi, nikadhani ni uchafu wa miaka unatoka. Nikalisuuza, nikaliweka katikati ya kokoto, kijani kikang'aa, kisha nikawarudisha samaki. Mama akavuta kiti.

"Kenda," akasema, na mimi nikafunga macho kwa furaha.

Siku ya pili samaki walikuwa juu, midomo nje, wanapumua kwa haraka. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, pampu ya hewa imenyamaza, basi niliulaumu umeme. Nilisimama nikikoroga maji kwa kikombe muda mrefu kama mpishi. Umeme ukarudi, pampu ikalia, samaki wakabaki juu.

Siku ya tatu Mama akahesabu, akahesabu upya.

"Saba."

Chai haikunywewa. Mchana walikuwa watano. Mama alikuwa anafunga kitambaa kichwani, polepole, vizuri, kama mtu anayejua anakokwenda. Nje lori likapiga honi, naye akageuza shingo. Nilikimbia nikafunga geti, nikaficha ufunguo ndani ya shati. Kisha nikaona haya. Nimemfungia mama yangu kama mbuzi.

Nikampigia simu fundi, nikamwambia simenti yake inaua samaki. Alikuja upesi. Aliinama, akapitisha kidole kwenye zege, akakiramba, akanitazama.

"Papa, weye njo unafundisha batoto ku masomo," akasema. "Simenti iko chini. Mayi iko juu. Katikati yabo kuna kioo. Simenti itapitia wapi?"

Alivaa kofia yake akaondoka amekasirika, na alikuwa na haki. Mke wangu alikuwa sokoni. Nilibaki na tangi, na saa yangu, na Mama aliyekuwa amefika getini na kikapu mkononi, anatikisa kufuli. Kila kufuli lilipolia, nilijisikia mdogo zaidi. Nikamwacha, nikapandisha mkono wa shati, nikauingiza kwenye maji kumtoa samaki mwingine aliyekuwa amelala ubavu. Wakabaki wanne.

Mama alirudi ndani. Nilifikiri atanililia nimfungulie. Akasimama pembeni yangu, akatazama samaki aliyekufa kiganjani mwangu, akatazama ndani ya maji, kisha akanitazama usoni. Nimekuwa mwana wa mama yangu miaka hamsini na mbili, na jicho lile hakuwahi kunitupia. Lilikuwa jicho la mke.

"Weye," akasema. "Umetia tena jiwe mu mayi?"

"Mama, ni..."

"Siko mama yako, niko nakuuliza. Nilikukataza. Ulitia jiwe ya kazi mu baseni, eti ipendeze. Basamaki ya Kilwa balikufa bote, kesho yake tu. Unasahau?"

Nilisimama na mkono unaochuruzika maji. Ukiwa mtu wa mahali pengine, ukapewa jiwe la kijani, utauliza ni jiwe gani. Sisi hatuulizi. Tumekua nalo dirishani na juu ya redio, kila mtoto wa hapa anajua lina shaba ndani, na kwa sababu hiyo hiyo tunaliona kama mtu wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimeogopa uzito, mchwa, umeme, nondo, simenti na fundi wa watu. Kitu pekee ambacho sikukiogopa, shaba iliyo sumu kwa samaki, nilikuwa nimekiosha kwa ndimu na kukiweka ndani kwa mkono wangu, kama Baba alivyofanya, kwa mapenzi yale yale.

"Itoshe," Mama akasema, yaani nilitoe.

Nikalitoa. Nikakimbilia pipa la maji ya kisima yaliyokwisha kulala siku mbili, nikajaza beseni, nikawahamisha wale wanne mmoja mmoja kwa chujio la chai. Mama alinifuata hatua kwa hatua na kikapu chake. Beseni nikaliweka chini mbele ya kiti, juu ya magazeti yangu. Mmoja alilala ubavu, akajipindua, akalala tena, akasimama. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Najua kwamba lori lilipita, likapiga honi ndefu, na Mama hakugeuka.

"Bane," akasema. Akaweka kikapu sakafuni, akafungua kitambaa, akakaa.

Wanne hao ndio tulio nao hadi leo. Tangi nililiosha mara tatu, kokoto nikazimwaga. Yale mawe sita bado yapo kwenye nguzo, makavu, na fundi nilimfuata kwake kumwomba radhi. Lakini alasiri ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya beseni, jiwe la Baba limelowa kwenye goti langu, nikingoja aniite kwa jina la mwanawe. Hakuniita.

"Sasa mutoto akiamuka, tutamwambia nini?" akauliza. "Mwaka ile alilia siku mbili. Hakukula chakula, ata bukari. Miye njo nilimwambia basamaki balirudia kwabo ku ziwa."

Ile kumbukumbu yangu moja, nimeibeba hadi mvi. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na minane, nimechora barabara ya Kilwa ubaoni kwa mkono wangu, mbovu na ndefu kama ilivyo, na hata siku moja sikujiuliza samaki wale walirudi kwa kupitia wapi.

"Aliamini?" nikauliza.

"Aliamini. Iyi mutoto wetu iko na woga mingi, inaogopa kuuliza mara mbili." Akanyoosha mkono, akanigusa bega, mkono wa mke aliyekwisha kusamehe. "Usimwambie ni weye. Anakupenda sana. Tumwambie vile vile, balienda kwabo."

Machozi yalinitoka, nikayaacha. Nikasema sawa, tutamwambia hivyo, sitatia jiwe tena, nimesikia. Nadhani nilisema kwa nguvu, maana Mama aliweka kidole mdomoni na kunionyesha kwa kidevu mlango wa chumba kitupu nyuma yangu.

"Polepole," akasema. "Iko nalala."

Nikashusha sauti, nisimwamshe.