Upande wa Chini wa Kigoda

Wahome wa Kabiria hutengeneza vitu vya kale. Ndiyo, hutengeneza. Gogo la juzi linaingia kibandani kwake, linachongwa kigoda cha miguu mitatu, linaogeshwa chai ya rangi, linapakwa polishi ya viatu, linafukizwa moshi, na linatoka likiwa limeshuhudia ujenzi wa reli. Wateja wake wa Kileleshwa anawahubiria fundisho moja tu: "Kigoda cha kweli ni cheusi hata chini. Kipindue uone." Wanapindua, wanaona weusi, wanaokoka.

Nyumbani kwa mamake, Wamucii, kuna kigoda kisichohitaji mahubiri. Alikichonga babu yake Wahome, mzee Kibe, na Wamucii amekikalia akimenya viazi tangu aolewe. Shamba la Kibe liliuzwa ploti kwa ploti; leo limeota maghorofa yenye majina ya mabinti wa malandilodi. Jina la Kibe halipo popote, hata kwenye mlango wa choo.

Siku moja Becky, mteja wake anayepamba maofisi ya Westlands, alimwambia Wahome kwamba anapanga kona ya vitu vya wazee kwenye mapokezi ya jengo jipya, na chini ya kila kitu ataandika jina la mwenyewe. Wahome akampelekea mamake habari hiyo. Wamucii alifikiri, kisu mkononi, kisha akainuka kutoka kigodani.

"Kipeleke. Angalau watu wasome Kibe."

Becky alikipokea, akakipindua kama alivyofundishwa. Chini mbao ilikuwa kavu, imepauka.

"Wahome, hii ni mpya! Chini ni nyeupe."

"Chini hakuna mtu hukalia, Becky. Angalia huku juu vile imeng'aa. Angalia huu mguu umelika upande mmoja. Hiyo ni sakafu ya udongo."

"Na si ni wewe ulinifunza? Nyeusi mpaka chini!"

Wahome hakuwa amezoea alichotaka kusema.

"Nilikudanganya."

Becky alicheka mpaka akashika meza. "Wewe ni mbaya! Ile uliniuzia, mgeni mmoja alilia akiiona. Sikia, niletee ingine kama ile. Na jina ya guka yako nitaandika tu. Kibe, si ndio? Nani atajua?"

Nani atajua. Wahome alitembea na swali hilo hadi Kabiria, kigoda kwapani. Jina lingekaa ukutani, liking'aa, lisomwe na watu wenye tai. Kibe mwenyewe asingelalamika; marehemu ni wateja wapole sana.

Alimkuta mamake amekalia ndoo iliyopinduliwa. Akamweleza yote.

"Hicho kingine, Kibe alikikalia?" Wamucii akauliza.

"Maitu, hata sijakichonga bado."

"Sasa hao watu watakuwa wanasoma nini?"

Wahome, mtu mwenye jibu la kila kitu, alichukua patasi, akakipindua kigoda, na pale palipopauka, pasipoaminika, akachonga herufi moja moja: KIBE. Zilitoka zimepinda kidogo.

"Sasa hakiuziki," akasema.

"Nani alikuwa anauza?"

Mamake alisubiri apulize vumbi, akakitwaa, akakigeuza, akalikalia jina. Viazi vilikuwa vinangoja.