Okidi ya Siku Moja

Wifi yangu Lunsiah alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hapa kilimani hakuna mwanamume aliyemshinda kukwea miti. Wataalamu wa mimea walimtuma awatafutie okidi zinazoota matawini, zile zinazojishikiza kwenye gome bila kuunyonya mti.

Moja ilimsumbua miaka saba. Daktari Wen, mtaalamu wa mimea wa mjini, alikwisha kumwambia, "Mama, bila ua siwezi kuipa jina. Majani yake yamefanana na ya ndugu zake kumi." Nayo ilichanua siku moja tu, siku ya tisa baada ya mvua kubwa ya baridi. Kila mara tulikuta maua yamesinyaa.

Mwaka ule mvua iliponyesha tukahesabu. Asubuhi ya siku ya tisa tukawakuta wakata magogo chini ya mti wenye okidi ile, shina limekwisha kupakwa alama nyekundu. Msimamizi wao alikuwa Jikon, mtoto wa binamu yake Lunsiah.

"Shangazi, leo rudi tu nyumbani. Huu unaanguka sasa hivi."

"Basi utaanguka na mimi," alijibu, akajifunga kamba, akaanza kupanda. Mimi nilishika ncha ya chini ya kamba.

Alipofika kwenye panda ya tawi, juu kabisa, akapaza sauti, "Bado yamefumba! Nangoja jua!"

"Mngojee na bwana harusi!" wakacheka wale wanaume.

Jikon hakucheka. Aliwasha msumeno wa injini, akaugusisha kwenye gome. Vumbi la mti likaruka. Nikapiga ukelele.

"Kata!" Lunsiah alifoka kutoka juu. "Halafu ukamwambie mama yako umenizika wapi!"

Jikon akauzima. Akakaa kwenye gogo akitazama saa.

Jua lilipofika matawini, matumba yakafunguka moja baada ya jingine: meupe, petali ya chini kama ulimi wa njano wenye vinyweleo vya zambarau. Lunsiah akaandika rangi zote akiwa kule kule, maana ua likikauka rangi hupotea. Akakata kikonyo kimoja, akashuka.

Hatujafika kwenye kijito cha njiani tukasikia mti unaanguka. Lunsiah akarudi mbio, akabandua mafungu manne ya mmea ule kwenye matawi yaliyovunjika. Jikon alimtazama tu.

Alipoliona ua lile, Daktari Wen alitaka kuiita okidi kwa jina la kilima chetu.

"Ukiandika kilima, wezi watakuja na magunia," Lunsiah alikataa.

Daktari akafikiri. "Basi nitaiita kwa Kilatini, 'yenye ulimi wa manyoya'."

"Kama mama mkwe wangu!" akasema Lunsiah, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamwona anacheka.

Mafungu matatu yalioza. La nne limeshika kwenye mti wa nyuma ya jiko, halijachanua bado. Lunsiah na Jikon hawasemeshani mpaka leo. Kwenye karamu ya mavuno kila mmoja hutafuta mkeka wake.