Dawa Iliyoninenepesha

Mtoto wetu wa kwanza alipokufa, niliacha kula na kulala. Daktari wa hospitali ya mgodi, alikofanya kazi mume wangu, alinipa vidonge vya huzuni. Usingizi ulirudi, lakini pamoja nao ikaja njaa ya ajabu. Nilimaliza bukari, ugali wetu, ya watu wawili, kisha nikakomba sufuria kwa vidole. Kiangazi kilipofika, hakuna kitambaa cha kikwembe kilichonizunguka kiuno.

Siku ya misa ya kumkumbuka mtoto, wakwe walijaa nyumbani kwetu Kampemba. Wifi yangu mkubwa alinifinya mkono kama anayechagua kuku sokoni.

“Muangalie mama yake,” akasema kwa sauti. “Mutoto iko mu udongo, yeye ananona. Alimukula?”

Watu wakacheka. Nilimtazama mume wangu. Akainamia sahani yake.

“Ni dawa,” nikasema.

“Dawa gani ya kunonesha? Munipatie na mimi!”

Jioni ile mume wangu alivitupa vidonge chooni. “Unaniletea haya mbele ya watu,” akasema.

Haukupita muda mrefu, nikashindwa tena kuinuka kitandani. Nilikonda hadi mifupa ya mabega ikatokeza. Wifi alipokuja kunitazama, alifurahi.

“Sasa unafanana na mama mufiwa,” akaniambia.