Mistari ya Fundi Ignas

Fundi Ignas Mihayo hakuweza kuona waya unaning'inia akanyamaza. Ukimkaribisha chai, kabla hajaketi angeutazama waya wa redio yako ulivyopita dirishani ovyo ovyo, angekunja uso, na chai ikipoa yeye yuko juu ya stuli na misumari mdomoni. Sisi majirani zake wa Maganzo tulimcheka sana. Mke wake, Klara, alisema hata kamba ya kuanikia nguo aliifunga kwa pima maji. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa maneno machache, na kwa kutengeneza redio hapakuwa na wa kumsogelea kuanzia kwetu mpaka Shinyanga mjini. Kasoro yake ilikuwa hiyo moja ya kupenda unadhifu. Naiita kasoro kwa sababu najua ilikoishia.

Mwaka themanini na tatu, mwezi wa pili, Mzee Nassibu alimwoza binti yake Mwaisha. Mzee Nassibu, mtu wa Ujiji kwa asili, alikuwa na duka la vitenge kwa mbele, na kwa nyuma alinunua mawe ya almasi kwa wachimbaji, jambo ambalo wote tulilijua na hakuna aliyelitaja. Alikuwa na tumbo kubwa na moyo mkubwa zaidi, na kwa mtoto wake wa pekee alitaka arusi ya kuzungumzwa. Basi akaagiza televisheni na deki ya video. Vilikuja kutoka Burundi ndani ya lori la dagaa, vimefunikwa magunia, bila hata kipande cha risiti. Siku zile vitu vizuri vyote vilikuja hivyo. Sabuni yenyewe tuliinunua kwa kunong'ona.

Aliyeitwa kuviunganisha ni Ignas, bila shaka. Mimi nilikuwepo uani nachambua mchele wa arusi pamoja na mama wa bibi arusi, Bi Zuleha, kwa hiyo niliona kila kitu na niliuliza kila kitu. Ndani ya boksi la deki mlikuwa na nyaya fupi tu, urefu wa mkono. Bi Zuleha alisema zinatosha: televisheni na deki vikae juu ya meza moja, mambo yaishe. Lakini mumewe alitaka wanaume watazame sebuleni, na wanawake waketi uani kama desturi, watazame kupitia dirisha kubwa lililotolewa vioo, nao wapate spika zao wasikie vizuri. Hapo nyaya fupi hazikufaa kitu.

Ignas akaanza kuchagua. Waya bapa wa antena alioununua Mzee Nassibu aliukataa palepale, akasema utanasa kelele za jenereta na picha itajaa mvua. Kwa picha alitaka waya mnene wa mviringo, wenye wavu wa shaba chini ya ganda. Kwa sauti, kutoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya, alitaka vilevile wenye wavu, vinginevyo spika zingeunguruma hata mtu asipoongea. Waya wa spika wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa nyuzi mbili, ila alisisitiza upande wenye alama uende kwenye alama kwa spika zote, la sivyo ngoma zingepoteza uzito. Kila ncha ya sauti aliifunga uzi mwekundu na kila ncha ya picha uzi mweupe, ili Bi Zuleha aweze kuchomeka mwenyewe bila kumwita.

Kisha likaja suala la nyaya zipite wapi. Mzee Nassibu alisema zilazwe sakafuni, juu yake watandike mkeka. Ignas alikataa. Alisema wanawake watakuwa wanapita na masufuria ya pilau ya moto, na yeye hataki kusikia mtoto wa mtu ameungua kwa sababu ya waya wake. Alikuwa sahihi, hilo nitamtetea nalo popote. Akavuta uzi uliopakwa unga wa mkaa kutoka pembe hadi pembe, akaupiga ukutani ukaacha mstari, akachimba kwa patasi akiufuata mstari ule, akazilaza nyaya ndani na kuzipigilia vibanio, akaziba kwa udongo na chokaa. Chokaa ilipokauka hukuona kitu. Kwenye pembe za chini tu ndipo zilipochungulia zile ncha zenye nyuzi nyekundu na nyeupe.

Mzee Nassibu alipitisha kiganja juu ya ukuta akitafuta, asipate.

"Fundi, umezizika," alisema.

Ignas alicheka kwa furaha. Mimi neno lile halikunipendeza, tena ndani ya nyumba ya arusi, lakini nikaendelea na mchele wangu.

Arusi ilifana. Picha ilikuwa safi, sauti ya uani ilikuwa ya kukutoa machozi, na tulitoa machozi kweli, kwa ajili ya Mhindi mmoja aliyetenganishwa na mama yake katika picha ya kwanza niliyoiona maishani. Mwaisha akaenda kwa mumewe. Baada ya hapo kila Ijumaa alasiri jenereta ya Mzee Nassibu ikiwashwa mtaa mzima ulihamia uani kwake, na yeye hakumfukuza mtu.

Mwezi wa tatu ulipokuwa ukiisha, nilipeleka redio yangu kwa Ignas. Alikuwa nazo nyingi mezani, amezifungua zote kuzijaribu, na zote zilikuwa zikisema jambo moja kwa sauti moja: msako wa wahujumu uchumi umeanza, mwenye mali isiyoelezeka ajieleze. Ignas alikuwa amesimama katikati ya redio zile, mikono chini. Hakuzima hata moja. Niliogopa, na nilipomtazama usoni nikaona naye anaogopa.

Siku zilizofuata Maganzo ilitapika vitu. Doti za vitenge zilikutwa vichakani, ndoo mpya zilikutwa barabarani hazina mwenyewe, na mbwa wa jirani yangu alipita akiburura taulo ambalo hata mkuu wa wilaya angelionea wivu. Tulitazama tukacheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Watu walichukuliwa. Habari ikaja kwamba hachukuliwi mwenye mali peke yake. Aliyemsaidia kuficha naye anapanda gari lilelile. Klara, mke wa Ignas, alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wao wa kwanza, waliyemngoja miaka. Alimwomba mumewe asitoke nyumbani, akae atulie mpaka upepo upite.

Mzee Nassibu aliitosa televisheni, deki, amplifaya na spika katika shimo la zamani la wachimbaji lililojaa maji, alfajiri, akitumia mkokoteni uliofunikwa pumba. Alirudi ametulia kabisa, akaomba uji. Bi Zuleha akamshika mkono, akampeleka sebuleni, akamwonyesha pembe za ukuta.

"Na hizi je?"

Zile ncha zilikuwa palepale, nyekundu na nyeupe, zinachungulia. Mzee Nassibu alivuta waya mmoja kwa nguvu zake zote. Haukusogea hata chembe, na kukata ncha tu kungeacha shaba iking'aa ukutani.

Nilitumwa mimi kumwita Ignas. Klara alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau, lakini Ignas alikuwa ameshachukua patasi. Njiani tukaambiwa gari la msako limeonekana upande wa stendi, linapita nyumba kwa nyumba.

Sasa sikia balaa. Ignas hakuweza kuiona mistari yake mwenyewe. Alikuwa ameipaka chokaa vizuri mno. Aligonga ukuta kwa vidole, akaweka sikio, akabahatisha, akakosa, akabahatisha tena. Alipoupata mstari, vibanio vilikataa kuachia, maana alivipigilia vidumu. Alitoa waya vipande vipande, jasho na chokaa vikimchuruzika, akisema peke yake, kwa nini nilipigilia vyote, kwa nini vyote. Mimi na Bi Zuleha tulikusanya vipande, tukavisukumiza chini kabisa ya gunia la mchele. Kuta za sebule nzuri ile zikabaki na makovu meupe yaliyonyooka, kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi uani. Hatukuwa na muda wa kuziba. Gari likasimama nje.

Aliyeingia mbele alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alimwamkia Mzee Nassibu shikamoo, akakubali maji ya kunywa, akasema wanafuata tu kazi. Wenzake walikagua dukani, vyumbani, jikoni. Mimi niliketi karibu na gunia la mchele na ungo mapajani, nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Yeye kijana alibaki sebuleni na bilauri yake akitazama ukuta.

"Mzee, ukuta huu umepatwa na nini?"

"Mchwa, mwanangu. Wametumaliza. Ndiyo nimemwita fundi tuwasake."

Kijana akaweka kidole kwenye kovu la ukuta karibu na mlango. Akatembea nalo taratibu mpaka dirishani, likapinda kona, naye akapinda nalo, likashuka chini, naye akainama.

"Mchwa wa kwenu wanatembea kwa rula," alisema.

Kule chini pembeni, nyuma ya kabati, aliona kitu. Akakishika kwa vidole viwili, akavuta. Ulitoka uzi mwekundu, na nyuma ya uzi ukatoka waya, ukaendelea kutoka, maana sehemu ile Ignas alikuwa ameshang'oa vibanio ila akausahau waya wenyewe. Ulikuja wote, mzima, msafi, ukajikunja miguuni pa yule kijana.

"Nani aliyezilaza hizi?"

Ignas alikuwa amesimama na patasi mkononi, kichwa cheupe kwa chokaa. Hata kipofu angemjua. Nilimwona amefumbua mdomo.

"Ni mimi mwenyewe," Mzee Nassibu alisema. "Huyu nimemwita leo hii, nikamwambia ni mchwa. Hajui lolote."

Kijana akamgeukia Ignas. "Ni kweli, fundi?"

Nafikiri Ignas alimwona Klara mawazoni wakati ule. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

"Ndiyo, afande," alisema.

Mzee Nassibu aliomba kubadili kanzu, wakamruhusu. Alipokuwa akitoka alipita karibu na Ignas, akamwambia kwa sauti ya kila siku aliyotumia kuagiza kazi, "Fundi, uzibe huu ukuta. Vumbi hili litamletea mama Mwaisha kikohozi." Kisha akapanda gari. Alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na kilimzidi Ramadhani ile huko mahabusu, akafariki kabla kesi yake haijasikilizwa. Ignas alikwenda na udongo na chokaa kuziba ukuta, lakini Bi Zuleha hakumfungulia mlango. Klara alijifungua salama mtoto wa kike, Apolonia.

Mwaka themanini na nane Mwaisha alikuwa akiishi Buseresere, na mumewe akanunua televisheni na deki, mchana kweupe, na risiti mkononi. Vibanda vya video vilikuwa vimejaa kila kona siku hizo, watu wakiingia kwa tiketi. Mwaisha akasema hamtaki fundi mwingine ila Ignas. Mimi na Ignas tulisafiri pamoja kwa basi, mimi nikienda kumwona mtoto mchanga wa Mwaisha.

Ignas aliweka kila kitu juu ya meza moja, spika huku na huku, nyaya fupi kuliko zote alizoweza kupata. Hakupiga hata kibanio kimoja. Zilining'inia mbele ya meza ovyo ovyo, nikaona aibu kwa niaba yake. Alifunga nyuzi nyekundu kwenye sauti na nyeupe kwenye picha, akawasha, picha ikaja safi. Mwaisha akauliza kwa upole kama zisingeweza kufichwa kidogo, maana mtoto ataanza kutambaa.

Ignas akazima. Akatoa gunia tupu kwenye kikapu chake, akalitandaza sakafuni.

"Zitoe zote," alisema. "Uzitie humu."

Mwaisha hakuuliza sababu. Alimlaza mtoto, akavuta nyekundu, akavuta nyeupe, akazikunja zote, akazitia ndani, gunia likafungwa. Ignas akazirudisha mahali pake moja moja, akasema, "Tena." Mwaisha akavuta tena, haraka zaidi, machozi yakimdondoka mikononi, wala hakusimama kuyafuta. Ignas alimfanyisha hivyo mpaka akaridhika, kisha akaomba maji, akaaga, hakungoja picha.

Nilipokwenda tena Buseresere mwaka uliofuata, mtoto alikuwa anatembea, na gunia lilikuwa bado chini ya meza ya televisheni, limekunjwa vizuri.